Somo: Kumrekodi farasi-bahari bila kumsumbua

Wengi tunamjua akiwa mkavu, kwenye kapu la mvuvi. Leo tumtafute akiwa hai.

1. Ngoja bamvua, ingia maji yakiwa bado yanakupwa. Elea na miwani yako. Usitembee: nyayo hukata nyasi za bahari anamoishi, na tope likitibuka huoni kitu.

2. Tafuta mkia. Kichwa chake utadhani jani lililovunjika, lakini mkia uliojisokota kwenye shina haufichiki. Wa kwanza wangu nilimpita mara tatu.

3. Usimshike wala usimnyooshe. Kuogelea hajui vizuri, akiachia, mkondo unaondoka naye. Weka rula kando yake, piga picha bila mwanga wa flashi: ubavuni, mgongoni, tumboni. Ubavuni tunahesabu pete za mfupa zinazozunguka mwili. Madoa meusi mgongoni, pete ya 1, 4 na 7, pamoja na utosini, ni dalili ya Hippocampus camelopardalis, yule wa "twiga". Miiba mirefu mwili mzima, huenda ni H. histrix. Mfuko laini chini ya tumbo? Dume huyo, na mimba hubeba yeye.

4. Pandisha picha iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe, lakini ficha mahali halisi. Wanunuzi wa farasi-bahari nao wanasoma.

MASWALI

*Mwalimu, juya (wavu wa kukokota) limeleta farasi-bahari watano, bado wazima. Nifanyeje?*
Warudishe upesi, kaka, ila usiwarushe. Zamisha mkono, mfikishe kila mmoja kwenye shina la nyasi alishike mwenyewe.

*Kuwauza nje ni kosa?*
Bila kibali, ndiyo. Tangu Mei 2004 jamii yake yote imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

*Hawa wetu ndio walio hatarini zaidi?*
Hapana, dada. Wa Knysna, Afrika Kusini, wana hali mbaya zaidi: wako kwenye milango mitatu tu ya mito, Knysna, Swartvlei na Keurbooms. Kioja ni kwamba pale Knysna wamejazana kwenye vikapu vya waya vyenye mawe, vilivyowekwa kuzuia kingo zisimomonyoke.

*Naweza kumfuga kwenye ndoo?*
Hana tumbo la kuhifadhia chakula, hula viumbe vidogo hai kutwa nzima. Kwenye ndoo atakufa njaa huku unamtazama.