Somo: Kuiandaa nyumba na familia kabla mvamizi hajagonga

Wakuu, kila tukianza kuzungumzia kujihami nyumbani, swali la kwanza huwa ni silaha gani iwekwe chini ya kitanda. Silaha nitaigusa, ila nimeiweka mwisho makusudi. Mtu anayekuja kuvamia anataka aingie haraka, asionekane, aondoke salama. Kazi yetu ni kumchelewesha akiwa bado nje, ili wakati anahangaika na mlango, ninyi mmeshaamka, mmekusanyika mahali pamoja na simu imeshapigwa. Kwa hiyo kila kitu unachotaka kununua au kufunga, jiulize kwanza: hiki kinanipa dakika ngapi?

Hatua ya 1: Izunguke nyumba yako

Fanya mara mbili, mchana na usiku, ukijifanya umefungiwa nje na lazima uingie. Utashangaa. Ngazi imeegemezwa ukutani, jembe na sururu ziko nyuma ya nyumba, tawi la mti linagusa paa, kidirisha cha choo hakina hata komeo. Vifaa vya kuvunjia mara nyingi mwizi havibebi, anavikuta. Vifungie ndani, kata tawi, kisha uje mlangoni.

Hatua ya 2: Mlango

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Mtu ananunua kitasa cha bei mbaya, fundi anakifunga, anaona amemaliza. Sasa chukua bisibisi uangalie upande wa fremu. Kuna kile kipande cha chuma chenye tundu, ambamo ulimi wa kitasa unaingia mlango ukifungwa. Fungua skrubu yake moja uipime. Mara nyingi utakuta ni fupi, sentimita mbili hivi, imeshika ngozi ya juu tu ya mbao. Mlango ukipigwa teke, kitasa kinabaki kizima kabisa, kinachong'oka ni fremu. Weka skrubu za milimita 75 au zaidi, zipite fremu zikashike ukuta wenyewe. Kama ukuta ni wa tofali, zitahitaji plagi zake, vile vijiti vya plastiki vinavyotangulia kwenye tundu ili skrubu ishike. Hicho kipande cha chuma nacho kikiwa kirefu, nguvu ya teke inasambaa badala ya kuishia sehemu moja.

Ulimi wa kitasa uingie kwenye fremu si chini ya milimita 25. Ongeza komeo mbili za ndani, moja juu na moja chini, kwa sababu kitasa cha katikati peke yake kinaacha pembe za mlango zikicheza.

Kisha geukia upande wa pili, kwenye bawaba. Mlango unaofungukia nje, bawaba zake ziko nje, na pini ya bawaba ya kawaida hugongwa ikatoka. Dawa yake ni rahisi. Kwenye kila bawaba toa skrubu moja iliyo upande wa mlango na ile inayotazamana nayo upande wa fremu. Kwenye tundu la upande mmoja pigilia msumari mnene uliokatwa kichwa, ubaki umechomoza kama sentimita moja. Tundu la pili lipanue kidogo kwa kekee. Mlango ukifungwa, msumari unaingia humo, na hata pini zote zikitolewa mlango haubanduki.

Mwisho, gonga mlango kwa vifundo vya vidole. Ukilia kama boksi tupu, mbao zake ni nyepesi na ndani ni hewa. Huo uache kwa vyumba vya ndani, mlango wa nje utafutiwe mbao nzito au chuma. Na weka tundu la kuchungulia. Mnyororo wa mlangoni usiuamini, skrubu zake ni ndogo mno kumzuia mtu mzima aliyeamua kusukuma.

Hatua ya 3: Madirisha na grili

Grili inazuia mwizi asiingie na inawazuia ninyi msitoke. Moto ukianza jikoni na mlango ukawa hauendeki, grili zote zilizochomelewa moja kwa moja zinageuka mtego. Walau grili moja kila upande wa vyumba vya kulala iwe na mlango wake, na ufunguo ukae sehemu ile ile siku zote: mbali na mkono wa mtu anayepenyeza kutoka dirishani, lakini karibu kwa mtoto mwenye umri wa kuufikia. Ufunguo wa grili unaokaa kwenye mkoba wa baba si ufunguo.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Ukishtuka moyo unakwenda mbio, vidole vinatetemeka, na kazi ndogo ndogo kama kuchagua ufunguo kwenye shada la funguo kumi inakushinda. Funguo za dharura zitenganishe, kila mmoja uuzungushie mpira au utepe tofauti, ili mkono utambue gizani bila macho.

Hatua ya 4: Mwanga

Nje mwanga, ndani giza. Ukiwasha taa ya sebuleni, kioo kinageuka kwako kuwa kama kioo cha kujitazamia, wewe huoni nje lakini wa nje anakuona mpaka rangi ya shati. Macho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na wewe uliyekuwa umelala tayari unayo faida hiyo. Usiitupe kwa kubonyeza swichi. Taa za nje zinazojiwasha mtu akipita zinatosha, ziwekwe juu asizifikie kwa mkono.

Hatua ya 5: Chumba cha kukusanyikia

Chagueni chumba kimoja ambacho wote mtakimbilia. Kiwe na mlango mgumu, komeo la ndani, mtandao wa simu unaoshika, na ikiwezekana dirisha la kutokea. Ndani yake muweke tochi, chaja au betri ya akiba, filimbi, maji, dawa za anayetumia dawa kila siku, na vitambaa safi vya kukandamiza jeraha. Kama watoto hawawezi kuja wenyewe, chumba cha kukusanyikia ni cha watoto, ninyi wakubwa ndio mnaokimbia. Nimeona mipango mingi inayomtaka mtoto wa miaka minne avuke korido gizani kumfuata baba. Hatafanya. Atajificha chini ya kitanda, na mtapoteza muda kumtafuta.

Hatua ya 6: Neno la siri na zoezi

Kubalianeni neno moja ambalo halitumiki ovyo nyumbani. Likitamkwa, kila mtu anaacha alichoshika na kwenda chumbani, hakuna kuuliza. Fanyeni zoezi usiku, taa zimezimwa, mkihesabu sekunde mpaka komeo lifungwe. Zoezi la kwanza litakuwa vurugu tupu: mtu kajikwaa kwenye meza, mwingine karudi kuchukua simu. Ndiyo faida yake, mnahamisha meza.

Na kanuni ya sauti za usiku: hakuna anayetoka nje kuangalia. Bomba la maji likianza kumwagika uani usiku wa manane, au umeme ukikatika kwako wakati kwa jirani taa zinawaka, chukulia kwamba kuna mtu anataka ufungue mlango. Maji yatalipwa.

Hatua ya 7: Simu

Namba ya dharura ya nchi yako ijulikane na kila mtu, mtoto na msaidizi wa nyumbani wakiwemo. Simu iliyofungwa kwa nywila bado ina kitufe cha dharura, waonyeshe. Ukipokelewa, anza na mahali ulipo, kwa sababu hata simu ikikatika watajua pa kuja. Ndipo useme kinachotokea, mpo wangapi, mpo chumba gani. Usikate. Andikeni maelekezo ya nyumba kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya mlango wa hicho chumba, maana mtu aliyeshtuka husahau hata jina la mtaa wake. Polisi wakifika, mikono iwe mitupu na ionekane. Wao hawajui nani mwenye nyumba.

Hatua ya 8: Silaha

Silaha yoyote usiyojizoeza nayo inaweza kugeuzwa dhidi yako. Panga kwenye korido nyembamba halina nafasi ya kuzungushwa. Dawa ya pilipili ikipulizwa ndani ya chumba kilichofungwa inawarudia wenyewe. Mwenye bunduki kwa kibali aifungie kwenye kasha, risasi zikae kando, na asifyatue kwa kivuli asichokitambua, kwani anaweza kuwa kijana wake aliyechelewa kurudi. Sheria zinatofautiana nchi kwa nchi, lakini wazo la msingi linafanana sehemu nyingi: nguvu ilingane na hatari, na hatari ikiisha nguvu nayo iishe. Mwizi anayekimbia ukamfuata na kumpiga, hapo umeacha kujihami.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nimepanga chumba kimoja na wanangu wawili. Hicho chumba cha kukusanyikia nitakitoa wapi?

Jibu: Dada, chumba chako ndicho hicho, kwa hiyo nguvu zote peleka mlangoni. Skrubu ndefu, komeo mbili, na kabari ya mbao au mpira unayoisukuma chini ya mlango kabla ya kulala, ila inasaidia tu kwa mlango unaofungukia ndani. Kitanda cha watoto kisiwe mkabala na mlango wala chini ya dirisha. Zungumza na wapangaji wenzako: filimbi ikilia, kila mmoja awashe taa ya nje, apige kelele na kupiga simu akiwa ndani kwake. Wewe mwenyewe usisubiri uhakika ndipo upulize.

Swali: Vipi mbwa?

Jibu: Mzuri, kwa kubweka. Mbwa anayelala ndani anakuamsha na si rahisi kutegewa sumu. Anayelala nje afundishwe kutokula kwa mkono wa mgeni, kazi ambayo wafugaji wengi hawaifanyi.

Swali: Nimesoma karate miaka mingi. Bado nijifungie?

Jibu: Ndiyo, kaka. Ukiwa peke yako mitaani unaweza kuamua vingine, ingawa hata huko kukimbia ndiyo bora. Nyumbani una watu nyuma yako, na huwezi kujua walioingia ni wangapi wala wameshika nini.

Swali: Na kama wameshaingia, wamenishikia silaha?

Jibu: Mpango umebadilika, sasa ni kutoka hai. Wape wanachotaka. Mikono ionekane, na kabla ya kuisogeza sema unachofanya: "Naingiza mkono mfukoni, natoa simu." Usiwakazie macho, na hata ukimtambua mmoja wao usimtaje jina. Kariri sauti, viatu, kovu, upande waliokimbilia. Wakiondoka fungeni mlango, pigeni simu, msiguse walivyovishika. Aliyejeruhiwa na kuvuja damu, kandamiza jeraha kwa kitambaa bila kuachia mpaka msaada ufike, usifunuefunue kuangalia.

Swali: Shikamoo. Mama yangu ana miaka 81, hawezi kutembea bila kushikwa. Tunamkimbizaje?

Jibu: Marahaba. Msimkimbize. Chumba chake kiwe ndicho cha kukusanyikia, mlango wake ukaimarishwe kwanza kabla ya vyumba vingine. Kengele ndogo iwe mkononi mwake, wazee usingizi wao ni mwepesi na huenda ndiye atakayesikia wa kwanza.

Swali: Mimi grili ya mlango nimeifunga kufuli tatu. Nadhani nimemaliza, au?

Jibu: Leo usiku zima taa zote, mwambie mkeo ashike saa, wewe anza ukiwa kitandani ufungue zote tatu mpaka utoke nje. Dakika moja ikipita bado unahangaika, toa kufuli mbili, ile inayobaki iwe nzito na ufunguo wake uufunge mpira.