Kuendesha baiskeli mashambani Ufaransa: jinsi ya kuchagua barabara tulivu, kwa anayetoka Lubumbashi

Huku Lubumbashi baiskeli tunaiita kinga, na wengi tumekua tukiiona ikisukumwa na magunia ya makala (makaa), dereva wake akishuka vumbini kila lori la madini linapopita katika barabara ya Kasumbalesa. Kwa hiyo mtu wetu anapofika Ufaransa kwa masomo au kumtembelea ndugu, na kukopeshwa baiskeli nzuri, huamini kwamba mashambani huko kila barabara ni ya amani. Sivyo. Ziko barabara ambazo unaweza kupita saa nzima bila kukutana na magari zaidi ya matatu, na kilomita mbili tu kando yake iko nyingine yenye malori mfululizo. Atakayezitofautisha ni yule aliyekaa na ramani jioni ya kuamkia safari.

Anza na herufi. Barabara za A ni za magari ya kasi, na baiskeli imekatazwa humo kabisa. Za N ni barabara kuu za taifa, nazo uzikwepe. Za D ni mali ya idara (département, yaani mkoa wa Ufaransa), na chini yake ziko barabara ndogo za komuni (serikali ya kijiji au mji), ambazo mara nyingi ramani haizipi hata namba. Ufaransa ina komuni zinazokaribia 35,000, na kila moja inatunza njia za lami zinazounganisha vitongoji na mashamba yake. Ndiyo sababu utando wa barabara ndogo huko ni mzito kuliko mgeni anavyotarajia.

Herufi D pekee, hata hivyo, haitoshi kukuhakikishia utulivu. Tangu 2006 sehemu kubwa ya barabara za taifa ilikabidhiwa kwa idara, herufi ikabadilika lakini magari yakabaki yale yale. Mimi nilijifunza hilo karibu na mji wa Cahors, kusini-magharibi, nilipoingia D 820 kwa imani kamili, kumbe ni ile N 20 ya zamani, na nikapita na malori hadi nilipopata njia ya kuchepuka. Basi, uonapo namba ya tarakimu tatu inayoanza na 6, 8 au 9, au namba ya tarakimu nne, chunguza kwanza. Rangi husaidia zaidi: katika ramani za Michelin, barabara nyekundu ni kubwa, za njano ni za kati, na nyeupe ndizo zako. Mstari wa kijani kando ya barabara huonyesha mandhari ya kupendeza. Vishale vidogo juu yake huelekea upande wa kupanda: kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, na vitatu ni zaidi ya 13.

Vishale hivyo usivipuuze, kwa maana sisi tunaishi juu ya uwanda ulio karibu tambarare, na miguu yetu haijafunzwa kupanda na kushuka siku nzima. Katika maeneo ya mashamba kama Limousin, Morvan au Gers hakuna milima mikubwa, bali vilima visivyokwisha: unateremka hadi kijito, unapanda hadi kijiji, unateremka tena. Mtu anayekwenda Kipushi na kurudi, kilomita 60 hivi, bila kuchoka, apange kilomita 40 tu siku ya kwanza huko. Achague baiskeli yenye gia nyepesi sana, na abadilishe gia kabla mwinuko haujaanza kumkaba, si baada ya kusimama.

Mwelekeo nao una uzito wake, na hapa Gers ni mwalimu bora. Mito yake, kama Gimone, Arrats na Baïse, inatawanyika kutoka uwanda wa Lannemezan kuelekea kaskazini mithili ya upepeo uliofunguliwa. Ukisafiri kutoka kusini kwenda kaskazini, unafuata bonde au mgongo wa kilima kwa utulivu. Ukisafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, unavuka kila mgongo mmoja baada ya mwingine. Umbali ni ule ule, lakini jioni miguu itakueleza tofauti. Anayehofia vilima aanze na njia ya kijani (voie verte, njia isiyo na magari) kati ya Givry na Cluny, huko Burgundy, iliyojengwa juu ya reli ya zamani, kwa kuwa treni haikuweza kupanda miinuko mikali.

Magari huko hupita upande wa kulia kama kwetu. Kinachowashangaza wageni ni kwamba, pasipo alama nyingine, anayetokea kulia ndiye mwenye haki ya kupita, hata akiwa na trekta katika kichochoro cha kijiji; basi punguza mwendo. Dereva anayekupita nje ya mji anapaswa kukuachia mita 1.5. Usiku, au kukiwa na ukungu, kizibao cha kuakisi mwanga ni cha lazima nje ya miji. Kofia ngumu ni lazima kwa walio chini ya miaka 12, lakini nakusihi uivae wewe pia. Wakati wa kiangazi, alama ya "Gravillons" ina maana kwamba kokoto zimemwagwa juu ya lami mbichi: usifunge breki ghafla kwenye kona.

Nunua mkate asubuhi, kwa sababu maduka ya vijijini hufungwa mchana, na mengi hayafunguliwi Jumapili alasiri wala Jumatatu. Maji utayapata kwenye bomba la makaburi ya kijiji, isipokuwa palipoandikwa "Eau non potable" (maji yasiyofaa kunywa).

Mwisho, andika majina ya vijiji kwa mpangilio kwenye karatasi na uifunge kwenye usukani, kwa kuwa vibao vya njia panda ndogo hutaja kijiji kinachofuata, si mji unakokwenda. Kibao cha "Toutes directions" (pande zote) kiache: kinawaelekeza wenye magari kwenye barabara ile ile unayoikimbia.