Mia mbili yako imefika wapi? Hesabu za tawi la chama cha wafanyakazi, hatua kwa hatua

Mwezi wangu wa kwanza nikiwa mweka hazina wa tawi, mama mmoja wa zamu ya usiku alinisimamisha langoni mwa kiwanda, Changamwe, Mombasa, akanikunjulia pesilipu yake. "Kaka, hii mia mbili ya ada ya chama ya Machi imefika wapi?" Nilichokuwa nacho ni bahasha ya kaki iliyojaa risiti. Sikuweza kumjibu. Hatua hizi nimezifanyia kazi tangu siku ile ili kila mwanachama ajibiwe palepale alipouliza.

Hatua ya 1: Anza na makato

Wengi wetu hukimbilia kuuliza pesa zimetumikaje, kumbe nyingine hazikufika kabisa. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya 2007 kinamruhusu waziri kumwagiza mwajiri akate ada ya chama na kuipeleka kwenye akaunti iliyotajwa. Tafuta nakala ya agizo hilo uijue akaunti yenyewe. Katika vyama vingi ada huingia makao makuu kwanza, kisha tawi hurudishiwa fungu lake, kwa hiyo utahitaji taarifa za benki za pande zote mbili. Makao makuu wakichelewa kukupa, omba kwa barua, usiishie kwenye simu.

Kila mwezi weka mezani karatasi tatu: daftari lako la wanachama, orodha ya makato kutoka ofisi ya mishahara, na taarifa ya benki. Tuseme wanachama ni 212 na ada ni shilingi 200. Unatarajia 42,400. Orodha ya mwajiri ina majina 206, yaani 41,200. Benki imepokea 40,000.

Hapo pana mapengo mawili, na kila moja lina habari yake. Wale sita wasiokatwa huenda wameacha kazi, au wamejitoa chamani kwa barua, na hiyo ni haki yao. Wafuate mmoja mmoja. Pengo la pili, 1,200, ni zito zaidi: pesa zimekatwa kwenye jasho la watu na hazikufika. Mwandikie mwajiri wiki hiyohiyo, taja mwezi na kiasi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukiyajumlisha mapengo haya kuwa "upungufu wa 2,400", hutajua umuulize nani.

Hatua ya 2: Daftari na vocha

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari moja la mapato na matumizi linatosha: tarehe, maelezo, pesa zilizoingia, zilizotoka, salio. Kila malipo yawe na vocha, yaani hati ya malipo, yenye nambari, na sahihi ya anayeomba isiwe ya anayeidhinisha. Hundi isitiwe sahihi ikiwa tupu, hata kama mwenyekiti anasafiri kesho.

Hatua ya 3: Pesa ndogondogo

Tengeni kiasi maalum, mathalan shilingi 5,000, na kisijazwe tena mpaka vocha za kile cha kwanza zikamilike. Tawi huvuja hapa taratibu: nauli, chai ya mkutano, vocha za simu. Tuktuk na bodaboda hazitoi risiti, basi tumia fomu fupi: nani alisafiri, kutoka wapi hadi wapi, kwa kazi gani, alilipa ngapi, na sahihi yake. Kisha isome kama mtu anayeujua mji. Aliyevuka Likoni kwa miguu halipi feri. Ukiona "nauli ya feri" kwenye fomu yake, muulize kabla hujalipa.

Malipo ya M-Pesa yapitie laini ya tawi. Laini binafsi ya mweka hazina isiguswe hata siku moja. Chapisha taarifa ya laini ya tawi kila mwezi uilinganishe na daftari, mstari kwa mstari, ukihesabu na ada za kutuma.

Hatua ya 4: Michango ya matanga ikae peke yake

Mwenzetu akifiwa, michango huja kwa haraka na kwa huruma, na hakuna anayetaka kuuliza maswali msibani. Kwa sababu hiyohiyo nashikilia ihesabiwe vizuri kuliko fedha nyingine zote. Watu wawili wapokee, jumla itangazwe kabla ya kukabidhiwa, na anayepokea kwa niaba ya familia atie sahihi. Ukiichanganya na ada, utakuja kumtia aibu mfiwa asiye na kosa.

Hatua ya 5: Bandika, kisha soma

Kabla ya tarehe 10, bandika ukurasa mmoja kwenye ubao wa matangazo: salio la mwanzo, kilichoingia, kilichotoka kwa mafungu, salio la mwisho, na mapengo ya makato. Andika kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka na mtu anayekimbilia zamu. Mishahara ya watu isionekane.

Ubao peke yake hautoshi. Mgomo wa Januari 1947 ulipoutikisa mji huu, wafanyakazi walikusanyika uwanjani, wakapaita Kiwanja cha Maskini, wakazungumza mambo yao peupe. Nasi tusome hesabu mbele ya watu, angalau kila robo mwaka, vocha zikiwa mezani, na maswali yaanze kabla ya hotuba za viongozi. Swali usiloweza kulijibu liandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na tarehe ya kulijibu.

Hatua ya 6: Ukaguzi na makabidhiano

Hesabu za chama hukaguliwa kila mwaka na kupelekwa kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi. Mwanachama ana haki ya kuvikagua vitabu. Akinyimwa, aandike kwa katibu wa tawi, kisha makao makuu, kisha kwa msajili. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi nayo ipo hapa Mombasa.

Baada ya uchaguzi, usitoe funguo za kabati mpaka uandike orodha ya kila daftari, kitabu cha hundi, laini ya simu na salio la siku hiyo. Wote wawili mtie sahihi mbele ya wadhamini, na watia saini wa benki wabadilishwe wiki hiyohiyo.