Riwaya ya zamani kwa mtoto wa likizo: usiku mmoja, sura moja

Hapa Uganda, mtoto akimaliza mtihani wa darasa la saba mwezi Novemba, hukaa nyumbani wiki nyingi kabla ya kuingia sekondari. Wakati huo ndio wa kumpa riwaya kubwa ya kwanza. Tunapendekeza Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe wa Nigeria (1958). Ina sura 25, na nyingi husomeka kwa sauti kwa dakika 15 hadi 25. Soma wewe, yeye asikilize. Ukimkabidhi tu, majina ya Kiigbo yatamchosha mapema na kitabu kitabaki chini ya mto.

Nakala iliyotumika ikague kabla hujalipa, hasa kurasa za mwisho: gundi ya mgongoni ikikauka, hizo hung'oka upesi. Taa ya sola iwekwe juani tangu asubuhi, maana umeme hukatika palepale panaponoga.

Usianzie ukurasa wa kwanza. Siku mbili kabla, msimulie kisa cha Kobe kilichomo katika sura ya 11. Ndege wamealikwa karamu mbinguni, kila mmoja anamwazima Kobe unyoya, naye anajipa jina "Ninyi Nyote" ili chakula chote kiwe chake. Simulia kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiganda, Kiacholi au Kigisu, wala usitaje kitabu. Mtakapofika pale Ekwefi, mke wa Okonkwo, anapomsimulia bintiye Ezinma kisa hichohicho, mtoto atakurukia kukimalizia.

Ndani ya jalada bandika karatasi yenye majina sita tu: Okonkwo, baba yake Unoka, mwanawe Nwoye, Ikemefuna, Ekwefi, Ezinma. Wengine watajulikana njiani.

Sura ya 7 isome kwanza peke yako. Nzige wanatua, watu wanangoja usiku, mbawa zilowe umande, ndipo wawakusanye. Wanawakaanga vyunguni, wanawaanika, wanawala kwa mawese. Novemba ni msimu wa senene, panzi wanaoliwa, kwa hiyo weka sahani ya senene wa kukaanga kati yenu mkisoma. Baada ya furaha hiyo Ikemefuna, kijana anayelelewa nyumbani kwa Okonkwo, anauawa, Okonkwo mwenyewe akishiriki, na uchungu wake ni mkubwa kwa sababu furaha imetangulia. Usiiruke, usiharakishe. Mtoto akinyamaza, mwache anyamaze. Akimchukia Okonkwo, usimtetee. Aliye chini ya miaka 12 tungemngojesha kidogo.

Kinachoharibu zaidi ni maswali ya darasani. Ukiuliza "hadithi inatufundisha nini?" ametoka kwenye mtihani na umemrudisha humo. Uliza kinachojibika kwa moyo: ungekuwa Nwoye, usiku ule alipouawa Ikemefuna ungelala? Maneno magumu eleza akiuliza tu.

Ukimkuta mchana anasoma mbele kwa siri, usimkataze. Usiku ukifika, mpe kitabu akusomee yeye.