SOMO: Jinsi ya kujua kama damu inafika kwenye viungo, na ufanye nini isipofika

Habari za saa hizi wadau. Hili somo nawaandikia hasa manesi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya huku kusini, Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Liwale huko, sehemu ambazo mpaka gari la rufaa limfikishe mgonjwa hospitali ya Ligula au Ndanda au Sokoine pale Lindi hali yake imeshabadilika mara kadhaa. Nataka tuelewane jambo moja, presha ikisoma vizuri sio ushahidi kwamba figo, ubongo na vidole vinapata damu. Presha inakwambia tu tenki lina maji, haikwambii kama bomba la nyumba ya mwisho linatoa.

Chukua mfano wa mama aliyejifungua usiku. Presha 104/70, watu wanasema yuko fresh tu. Ila mapigo ni 118, ukimshika mkono una baridi kuanzia vidole mpaka juu ya kifundo, jasho jembamba, na ukifunua kanga ya chini imelowa yote. Huyu anaishiwa damu. Mwili umebana mishipa ya ngozi na ya figo ili moyo na ubongo vipate, ndo maana presha bado imesimama. Kwahiyo ngozi inaanza kusema mapema, presha inakuja kuanguka mwishoni, na kwa watoto inachelewa zaidi ya hapo.

HATUA YA 1: Shika. Tumia mgongo wa mkono wako, anzia vidole vya mguu panda taratibu uone baridi inaishia wapi. Ikiishia kwenye vidole sio sawa na ikifika gotini. Andika kwenye faili, "baridi hadi gotini", maana baada ya nusu saa utataka kujua imeshuka au imepanda.

HATUA YA 2: Bonyeza. Mkono wa mgonjwa uwe usawa wa moyo, usining'inie chini ya kitanda. Bonyeza ncha ya kidole mpaka rangi itoke, sekunde 5 kwa mtoto, mtu mzima nenda hadi 10, achia, alafu hesabu rangi inarudi lini. Hesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde, usihesabu kwa mdomo, mtu ukiwa na wasiwasi unahesabu haraka. Ikirudi ndani ya sekunde 2 ni nzuri, ikipita 3 kuna shida. Chumba kiwe na mwanga, kama ni usiku washa tochi. Na wenzangu wa Newala juu kule mwezi wa 7 asubuhi mnajua baridi ilivyo, mtu asiyeumwa kabisa anaweza kuchelewa kurudisha rangi kwasababu ya hali ya hewa tu, mfunike kwanza apate joto ndo upime tena, au bonyeza kifuani katikati.

Hiki kipimo cha kidole msikidharau. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK wa wagonjwa 424 wa ICU (wodi ya mahututi) huko Amerika Kusini, wenye shoki ya maambukizi, yaani maambukizi yamefanya damu isifike vizuri kwenye viungo, kundi moja lilitibiwa kwa kufuata laktati ya maabara (kitu kinachopanda kwenye damu viungo vikikosa oksijeni) na jingine kwa kufuata kidole kila baada ya nusu saa, na waliofuata kidole matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya wenzao. Sasa sisi ambao laktati hatuna tunaonaje?

HATUA YA 3: Mapigo. Kwenye kifundo cha mkono, kwa mtoto mchanga ndani ya mkono wa juu. Yakiwa dhaifu mkononi ila shingoni au kinenani yapo, ujue damu haifiki mbali. Alafu gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha. Yule mama ni 118 kwa 104, inakuja kama 1.1. Kwa mzazi ikifika 0.9 anza kuchukua hatua, usisubiri presha ishuke.

HATUA YA 4: Presha ya wastani. Chukua namba ya chini zidisha mara mbili, jumlisha ya juu, gawa kwa 3. Mtu wa 80/50 anapata 60. Mtu mzima mwenye shoki tunataka angalau 65 ili figo zichuje. Yule mama wetu ukimpigia hesabu anapata 81, namba safi kabisa na bado anakufa, ndo maana hii nimeiweka ya nne.

HATUA YA 5: Mkojo na akili. Weka mpira wa mkojo, pima kila saa. Mtu mzima nusu mililita kwa kila kilo, yaani wa kilo 60 atoe 30 kwa saa, mtoto mililita 1 kwa kilo. Na mgonjwa aliyekuwa anaongea akianza kujibu ovyo au kusinzia, usiseme amechoka.

HATUA YA 6: Kurudisha na kutunza. Hapa inategemea chanzo. Anayevuja, zuia damu kwanza: mzazi sugua mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), traneksamiki (dawa ya kusaidia kuzuia damu) gramu 1 ndani ya saa 3 tangu ajifungue, piga 115 m-mama, ile namba ya usafiri wa dharura wa wazazi, wakati mwenzio anatafuta mshipa wa dripu. Mjamzito mwenye tumbo kubwa mlaze ubavu wa kushoto, akilala chali mtoto anagandamiza mshipa mkubwa. Wote wafunike, upungufu wa oksijeni urekebishe.

Kwa mtoto mwenye homa kali, tafadhali sana na dripu ya kukimbiza, yaani maji mengi kwa haraka. Utafiti wa FEAST wa 2011 ulifanyika Uganda, Kenya na hapahapa Tanzania, watoto zaidi ya 3,000, wengi wana malaria. Waliokimbiziwa dripu walifariki asilimia 10.6 ndani ya saa 48, ambao hawakukimbiziwa ni 7.3. Kwahiyo kama hana dalili zote tatu kwa pamoja, mikono baridi, rangi inayochelewa zaidi ya sekunde 3, na mapigo dhaifu ya haraka, usimkimbizie. Anazo zote? Mililita 10 hadi 20 kwa kilo, taratibu ndani ya dakika 30 mpaka 60, na unarudi kushika mikono. Wa kuharisha na mwenye utapiamlo wana miongozo yao, msiwachanganye humu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Kilwa: Sista shikamoo. Wamama wetu wana hina mpaka kwenye kucha, rangi nitaionaje?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Achana na kucha, bonyeza nyama ya ncha ya kidole upande wa kiganja. Kama hina imejaa na huko basi kifuani, na weupe wa damu kuisha uangalie ndani ya mdomo wa chini.

Mdau wa Masasi: Oksimita, kile kibanio cha kidole cha kupima oksijeni, inasoma 98, si inatosha?
Jibu: Hapana kaka. Inakwambia damu iliyopo imebeba oksijeni kiasi gani, sio nyingi kiasi gani inafika. Aliyevuja sana anaweza kusoma 98 vizuri tu. Ila ikigoma kushika kidole chenye baridi, hiyo yenyewe ni habari.

Mdau wa Tandahimba: Mtu kagongwa na nyoka kwenye mikorosho, wameshamfunga kamba juu ya goti. Tuiache mpaka hospitali?
Jibu: Kamba inakata damu ya mguu wote, mguu unaweza kuoza. Ila usiifungue ghafla nyumbani. Fungua kituoni ukiwa na mshipa wazi na dawa ya sumu kama ipo, taratibu, unaangalia kupumua. Anayekuja mpya asifungwe, mguu utulizwe kwa ubao asitembee.

Mdau wa Ruangwa: Bibi ana kisukari, vidole vya mguu vimeanza weusi. Naweza kutumia dopla ya kusikilizia mtoto tumboni?
Jibu: Ile ni ya megahezi 2 au 3, inasikiliza kwa kina, mshipa wa mguu uko juujuu unataka ya 8. Anza na vidole vyako juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Ukiipata ya 8, namba ya juu ya presha uliyopima kwenye kifundo cha mguu gawa kwa ya mkono, chini ya 0.9 mishipa imeziba, ikipita 1.4 mishipa imekakamaa na namba haiaminiki, wenye kisukari wengi wako hivo. Ila bibi yako ana weusi tayari dada, usisubiri dopla, mpe rufaa leo, na wasimkande mguu na maji ya moto.