Namna ya Kujibu Wasiwasi wa Mnunuzi Kuhusu Boila Kuukuu Unapouza Nyumba

Katika kazi yangu ya kusimamia mauzo ya nyumba nimeshuhudia mara nyingi makubaliano yaliyokwisha kufikiwa yakitetereka kwa sababu mkaguzi wa mnunuzi ameandika katika ripoti yake kwamba boila, yaani mashine inayopasha moto maji ya kuoga na ya kuipa nyumba joto, ni ya zamani. Maneno hayo hayasemi kwamba boila ni mbovu, wala kwamba ni ya hatari, lakini mnunuzi anayeyasoma huona nyumba isiyo na joto wakati wa baridi, maji ya kuoga yasiyopata moto, na gharama ambayo hakuitenga. Muuzaji naye hujibu haraka kwamba boila haijawahi kumsumbua. Huenda anasema kweli tupu, ila jibu hilo halimpi mnunuzi kitu cha kushika. Umri peke yake huwatisha wachache. Wengi hutishwa na kutojua, na kutojua huondolewa kwa vipimo, karatasi na bei zilizoandikwa. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano ambao mimi huufuata, na nyingi kati yake hufanyika kabla nyumba haijatangazwa.

Hatua ya kwanza: Ifahamu boila yako

Tafuta kibati au kibandiko kilichobandikwa kwenye boila, mara nyingi nyuma ya kifuniko cha chini au ubavuni, kisha unakili jina la mtengenezaji, modeli na namba ya utambulisho wa mashine. Watengenezaji wengi huuweka mwaka wa utengenezaji ndani ya namba hiyo, na ofisi zao za huduma huweza kukusomea. Usikisie mwaka, kwa maana nimewahi kumsikia muuzaji akiipunguzia boila yake miaka sita kwa kusahau tu, na baada ya mnunuzi kugundua, hakuna neno lake jingine lililoaminiwa.

Fahamu pia ni boila ya aina gani, kwa kuwa neno "kuukuu" halina maana moja. Boila ndogo za kutundikwa ukutani kwa kawaida hutarajiwa kudumu kati ya miaka 10 na 15, ilhali zile nzito za chuma cha kusubu zinazosimama sakafuni huweza kufika miaka 25 au 30 zikitunzwa. Boila za kisasa hupoza moshi hadi mvuke wa maji uliomo ugeuke maji, zikarudisha joto hilo kwenye mfumo, na ndiyo sababu utaona bomba dogo la plastiki linalotoa maji hayo nje. Aina hiyo huweza kutumia zaidi ya asilimia 90 ya joto la fueli, wakati boila za kale nyingi huishia kati ya asilimia 60 na 80. Mnunuzi makini ataliuliza jambo hili, na ni vema alisikie kutoka kwako kwanza.

Hatua ya pili: Mwite fundi mwenye leseni kabla ya kutangaza nyumba

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo ambayo wauzaji huiruka kwa kuogopa kuambiwa habari mbaya. Habari mbaya itajulikana tu. Tofauti ni kama utaisikia ukiwa na wiki kadhaa za kuishughulikia au siku tatu kabla ya kutia saini. Usiridhike na fundi anayefuta vumbi na kubandika tarehe. Mwombe apime moshi kwa kifaa cha kupimia uchomaji na akuachie vipimo hivyo kwa maandishi, akague dohani na viungo vyake, aangalie kama kibadilisha joto, sehemu inayopitisha joto la mwali kwenda kwenye maji, kina nyufa au kutu, na ajaribu vali ya usalama, ile inayotoa maji presha ikizidi.

Sababu ya kusisitiza kipimo cha moshi ni gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huweza kuua watu waliolala. Mwali wa gesi ulio wa buluu na uliotulia ni dalili njema, na mwali wa manjano au masizi kuzunguka boila ni dalili ya uchomaji mbaya, lakini macho hayatoshi kuthibitisha usalama. Fundi akikuta hatari ya namna hii, boila izimwe siku hiyo hiyo na isiwashwe hadi itengenezwe au ibadilishwe. Hapo hakuna la kujadiliana bei, kwa sababu linalohusika ni uhai wa walio ndani ya nyumba, ukiwemo wako.

Kasoro nyingine nyingi hazitishi kama zinavyoonekana. Katika mifumo mingi ya nyumbani iliyofungwa, presha ya maji yakiwa bado baridi huwa kati ya bar 1 na 1.5 (bar ni kizio cha presha), na vali ya usalama hufunguka karibu na bar 3. Ikiwa sindano ya geji, kifaa kinachoonyesha presha hiyo, hupanda sana maji yakipata moto na kushuka mno yakipoa, mara nyingi lililopungukiwa hewa ni tangi dogo la kupokea maji yanapotanuka, na kulijaza upya au kulibadilisha ni kazi ndogo kuliko kununua boila. Sauti kama ya birika linalochemka hutokana mara nyingi na chokaa ya maji au tope lililoganda ndani ya kibadilisha joto. Radiata, yaani bamba la chuma linalopitisha maji ya moto ili kupasha chumba, likiwa moto juu na baridi chini huwa limejaa tope jeusi la kutu, na kusafisha mfumo huweza kurudisha joto. Naamini boila nyingi hulaumiwa kwa makosa ya mabomba na radiata, na ni muhimu ripoti ya fundi itenganishe mambo hayo waziwazi.

Mwombe pia aandike kama vipuri vya modeli hiyo bado vinapatikana. Hakuna fundi mwaminifu atakayekutabiria mwaka ambao boila itakufa, lakini boila ya miaka 14 yenye vipuri tele ni mali tofauti kabisa na ya miaka 14 ambayo bodi yake ya umeme haitengenezwi tena.

Hatua ya tatu: Weka karatasi pamoja

Kusanya ripoti mpya, risiti za huduma za miaka iliyopita, cheti cha ufungaji na kitabu cha maelekezo. Kama kuna miaka ambayo boila haikuhudumiwa, sema hivyo.

Hatua ya nne: Pata bei za kubadilisha na uamue msimamo wako

Hata kama huna nia ya kubadilisha boila, omba mafundi wawili au watatu wakuandikie gharama kamili ya kuweka mpya, pamoja na dohani, mabomba na kusafisha mfumo. Pasipo karatasi hizo, mnunuzi atataja kiasi anachokihofia, na mjadala utaanzia hapo.

Wengi huniuliza kama wabadilishe boila kabla ya kuuza, na kwa kawaida nawashauri wasifanye hivyo. Muuzaji anayeondoka huelekea kuchagua iliyo rahisi, na mnunuzi huenda alitaka mfumo mwingine kabisa, kama pampu ya joto, inayovuta joto kutoka nje kwa umeme, au boila yenye nguvu zaidi kwa sababu anakusudia kuongeza bafu. Nabadili ushauri huo pale boila inapokuwa ya hatari, isipowaka kabisa, au vipuri vyake visipopatikana, hasa kwa kuwa baadhi ya benki hutaka nyumba iwe na mfumo wa joto unaofanya kazi kabla ya kutoa mkopo.

Hatua ya tano: Uliza kabla ya kujibu

Mnunuzi akisema kwamba boila inamtia wasiwasi, muulize kwa upole ni jambo gani hasa linalomsumbua. Wasiwasi huo huweza kuwa wa usalama, wa kuharibika, wa gharama ya fueli, au huwa ni njia ya kuomba punguzo, na kila mmoja una jibu lake. Nakumbuka mnunuzi mmoja aliyetaka bei ipunguzwe sana. Alipoulizwa, alieleza kwamba ndugu yake aliwahi kudhurika na moshi wa boila. Alichohitaji kilikuwa vipimo vya uchomaji na kengele ya kaboni monoksidi, na alipovipata hakulitaja tena punguzo.

Andika jibu lako, kwa mfano hivi: "Boila ilitengenezwa mwaka ulioonyeshwa kwenye kibati, ilikaguliwa na fundi mwenye leseni kwa tarehe iliyo kwenye ripoti iliyoambatishwa, na kasoro aliyoikuta ilirekebishwa kama risiti inavyoonyesha." Usiandike kwamba boila ni salama au kwamba itadumu, acha ripoti iseme yaliyopimwa. Katika nchi nyingi, jibu la uongo kutoka kwa muuzaji huweza kumpa mnunuzi haki ya kudai fidia hata baada ya nyumba kuhamishwa, kwa hiyo mwonyeshe wakili wako maandishi hayo kabla hayajatumwa.

Hatua ya sita: Iache boila ijionyeshe

Mruhusu mnunuzi alete fundi wake. Siku hiyo usiipashe nyumba joto mapema, bali acha boila iwashwe ikiwa baridi mbele yao, radiata zote zifunguliwe, na maji ya moto yatoke kwenye bomba lililo mbali zaidi. Nyumba iliyopashwa moto kabla ya wageni kufika huzaa shaka hata pale ambapo hakuna kilichofichwa.

Hatua ya saba: Jadiliana kwa hesabu

Mnunuzi akidai bei nzima ya boila mpya, mweleze kwamba atapata kifaa chenye miaka yote ya kazi mbele yake, wakati nyumba ilipangiwa bei ikiwa na kilichotumika. Ikiwa boila ya aina hiyo hutarajiwa kudumu miaka 15 na imefanya kazi miaka 12, ni haki kukubali kwamba sehemu kubwa ya thamani yake imekwisha, na ni haki vilevile kutolipia ile iliyobaki. Ikiwa bei iliyotangazwa ilikwisha kuzingatia umri huo, sema na uonyeshe. Mkishindwa kupatana, mawakili huweza kushikilia kiasi fulani cha fedha kwa muda maalumu, kitumike endapo boila itaharibika na kurudishwa kwako isipoharibika. Lolote mtakaloafikiana liingie katika mkataba, pamoja na kiasi, tarehe ya mwisho, na maelezo ya nini kitahesabiwa kuwa uharibifu.

Hatua ya nane: Kabidhi boila pamoja na funguo

Siku ya makabidhiano mwonyeshe mwenye nyumba mpya mahali pa kufungia gesi na maji, namna ya kusoma geji, na namna ya kuongeza maji presha ikishuka. Mwachie bahasha ya karatasi zote karibu na boila, ukiwa umeandika juu yake tarehe ambayo huduma ijayo inatakiwa kufanyika.