Jinsi ya kufuma greca ya Wazapoteki kwenye fremu ndogo

Wafumaji Wazapoteki, watu wa asili wa Teotitlán del Valle, katika jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, hufumia mazulia ya sufu kwenye vitanda vikubwa vya mfumi vya kanyagio vilivyoletwa na Wahispania, walioleta pia kondoo. Lakini greca, nakshi yao maarufu ya ngazi na mkunjo, ni ya kale kuliko kondoo hao: imejaa kwenye kuta za mawe za magofu ya Mitla, si mbali na hapo. Kujifunza, fremu ya mbao inatosha.

1. Mtande, yaani nyuzi za wima. Pigilia misumari 24 juu na 24 chini, kila mmoja sentimita 1 kutoka kwa mwenzake, safu mbili ziachane sentimita 35. Zungusha uzi imara wa pamba upate nyuzi 48. Zikaze mpaka zilie zikiguswa.

2. Mchoro. Usiruke hatua hii. Kwenye daftari la hesabu chora miraba 12 kwa 8. Mraba mmoja ni nyuzi 4, yaani sentimita 2. Kuanzia chini, tia weusi hivi:

mstari wa 1: miraba 1–5
wa 2: 1–4
wa 3: 1–3
wa 4: 1–2
wa 5: 1
wa 6: 1, kisha 3–5
wa 7: 1 na 5
wa 8: 1–5

Rudia yaleyale kuanzia mraba wa 7. Ngazi inapanda, halafu inajikunja. Wengi huieleza kuwa ni hatua za maisha, ingawa kila mfumaji ana maelezo yake. Mimi naona pia kazi ya mikono: mtande na mshindio, yaani uzi unaopita kwa ulalo, hukutana kwa pembe mraba, na ngazi ndiyo umbo linalokubali bila ubishi. Duara ndilo litakalokutesa.

3. Kufuma. Anza na ukanda mtupu wa sentimita 3: juu ya uzi mmoja, chini ya unaofuata; ukirudi, kinyume chake. Laza mshindio kwa umbo la upinde, ndipo uushindilie kwa kichana. Ukiuvuta, kingo zitaingia ndani. Mtande usionekane kabisa.

4. Hesabu. Fuma mstari wa kwanza wa miraba hadi sentimita 2, uhesabu mipito. Iwe shufwa, na idadi hiyo usiibadilishe mpaka mwisho. Kila eneo la rangi lina kidonge chake cha uzi.

5. Mipaka. Ufa unaobaki rangi mbili zinapopakana wima, ukiwa wa mraba mmoja, hauna neno. Lakini kati ya mraba wa 6 na wa 7 mpaka unapanda wima sentimita 16, na ufa mrefu hivyo hunasa vidole. Hapo nyuzi mbili jirani ziende zikikutana, zishikane, zirudi zikiachana. Fanya vivyo hivyo kati ya wa 1 na wa 2, na kati ya wa 7 na wa 8, mstari wa 5 hadi wa 7; tena kati ya wa 5 na wa 6, na kati ya wa 11 na wa 12, mstari wa 6 hadi wa 8.

6. Kumaliza. Funga kwa ukanda mwingine mtupu, kata mtande juu na chini, fundo kila nyuzi 4.

Rangi ni somo refu. Kwa ufupi, nyekundu ya Oaxaca hutoka kwa kochinili, mdudu wa kwenye mpungate: chemsha sufu kwa shabu kwanza, kisha tia rangi. Ndimu huisogeza kuelekea chungwa, magadi kuelekea zambarau.